Hela za Shaba na Mtamba wa Mama

Nina miaka ishirini na tisa na nimestaafu. Mkitaka kucheka chekeni. Mzee Jayanti naye alicheka nilipomwambia, kisha akaniuliza kama nitataka zawadi ya saa ya ukutani kama wanavyopewa walimu. Nawaandikia ninyi wawili, Bosco na Neema, mliokalia benchi langu, kwa sababu mliniomba niwaelekeze kazi, na mimi kwa mdomo huwa sifiki mbali. Kwa kalamu nakwenda polepole lakini nafika.

Duka mnalijua, ila nitalieleza kwa yeyote atakayesoma baada yenu. Liko Moshi mjini, mtaa wa mafundi cherehani. Mbele Mzee Jayanti anatengeneza saa, kama baba yake alivyokuwa akifanya palepale. Nyuma, kwenye meza yenye taa, tunanunua na kuuza sarafu za zamani. Wapo watu wanaoziweka kama wengine wanavyoweka viwanja, wakitumaini kwamba zitapanda thamani. Kuna zinazopanda. Nyingine zinabaki kuwa vyuma vyenye historia.

Siku ya kwanza nililetwa na shangazi yangu, aliyekuwa akimuuzia Mzee Jayanti ndizi na maziwa kutoka kwetu Old Moshi. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nimekaa nyumbani nakata majani ya ng'ombe, na nilikuwa na aibu kiasi kwamba wageni wakija nilikuwa naenda kuhesabu kuku. Mzee aliniuliza jina, nikamjibu. Akaniuliza tena. Shangazi akasema, "Anaitwa Aika, Mzee. Amesema mara mbili, ila sauti imebaki huko ndani."

Mzee akaniwekea rupia ya fedha ya Mjerumani mbele yangu. Nikaichukua kwa dole gumba, katikati kabisa ya uso. Akavuta pumzi kama mtu aliyekanyagwa.

"Binti, shika ukingoni. Kama sahani iliyotoka motoni."

Nikaishika ukingoni.

"Unaona nini?"

"Mtu."

"Mtu gani?"

"Ana masharubu. Kofia yake ina ndege juu."

"Ndege gani?"

Nikatazama tena. "Kama kipanga, lakini mwenye majivuno."

Akamgeukia shangazi. "Huyu abaki. Wote niliowajaribu wamesema wanaona hela."

Siku hiyo yote nilishika rupia ileile moja, nikiigeuza, mpaka nikajua mahali nywele za yule Kaizari wa Ujerumani zinapoanza kulika. Hilo ndilo somo la kwanza na sijapata jingine lililolizidi: sarafu hulika kwanza mahali palipoinuka, kwa hiyo tazama masharubu, nyusi na ncha za mabawa kabla hujatazama mwaka. Mwaka hauendi popote.

Vifaa vyetu ni vichache. Kuna kioo cha kukuzia cha fundi saa, kile kinachobanwa jichoni. Mtajifunza kukibana bila kukunja uso. Mimi ilinichukua miezi na wateja wengi walidhani nimekasirika. Kuna mizani ndogo ya sonara. Kuna sumaku ambayo Mzee aliitoa kwenye spika ya redio mbovu, kwa sababu fedha na dhahabu hazivutwi na sumaku, na waongo wengi wanavutwa. Kuna bahasha za karatasi. Msiweke shaba kwenye mifuko ya nailoni. Inatoka jasho, na baada ya masika mtakuta ukungu wa kijani. Hicho ndicho kiwanda chetu chote. Mshahara sitauzungumzia. Ulikuwepo.

Kuhusu sauti yangu, nilidhani itanifukuzisha kazi. Wateja walikuwa wakiinamia meza kunisikia. Mzee aliniambia nisibadilike. "Kwenye biashara hii," alisema, "anayepiga kelele anauza bandia." Basi nikaendelea kunong'ona na watu wakaendelea kuniamini, hata siku ambazo nilikuwa nasema tu kwamba choo kiko nyuma.

Desemba ndio mwezi wa majaribu. Mnajua watu wetu wa mlimani wanaporudi kwa Krismasi, kila nyumba inafagiliwa, sufuria zinasuguliwa mpaka unajiona sura. Sasa mtu akikumbuka kwamba bibi ana sarafu kwenye sanduku na mjini kuna duka linanunua, anafanya nini? Anaisugua. Kwetu mtu hampelekei mnunuzi kitu kichafu. Hata mkungu wa ndizi unafutwa vumbi. Wanasugua kwa majivu, kwa mchanga, kwa limau, kwa steliwaya. Kisha wanaileta inang'aa kama kijiko cha harusi, na sisi tunatamani kulia, maana mnunuzi wa sarafu anataka ile ngozi ya zamani, rangi ya uzee wake. Ukiiondoa, umeondoa zaidi ya nusu ya bei na hairudi.

Mama mmoja wa Marangu alileta rupia aliyoisugua siku mbili. Kaizari hakuwa tena na masharubu.

"Imependeza?" aliniuliza.

"Imependeza, mama."

"Basi niambie bei."

Nilipomwambia, akanitazama kwa huruma. "Binti, hukuiona vizuri. Subiri nikuoneshe kwenye jua."

Tangu hapo tuliweka kibao mlangoni: LETE SARAFU NA UCHAFU WAKE. Kilisaidia kidogo. Kuna kijana aliyekisoma akaenda kuipaka yake tope.

Halafu wapo wa mchele. Hawa mtakutana nao kila mwaka. Wanaamini kwamba ipo rupia ya Mjerumani inayovuta mchele kama sumaku inavyovuta misumari, na kwamba matajiri wa nje wanailipia mabilioni. Mmoja alikuja amevaa suti, akafunga mlango mwenyewe, akatoa mfukoni punje za mchele wa Mabogini zilizofungwa kwenye leso, akaziweka juu ya meza yangu. Akasogeza sarafu moja baada ya nyingine karibu na mchele. Mchele ulikaa kimya. Akasema labda ni kwa sababu ni mchele mpya. Mzee Jayanti akamjibu kutoka kwenye saa zake, bila kugeuka, "Jaribu na maharage." Yule bwana alifikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Msiwacheke wakiwa ndani. Ngojeni watoke.

Lakini nisiwafanye mdhani kwamba biashara yenyewe ni ndoto. Alikuwepo kijana mmoja mwongoza watalii, mtu wa Mkuu kule Rombo. Kila msimu wa kupanda mlima ukiisha, alichukua sehemu ndogo ya bahashishi zake akanunua kipande kimoja tu, kizuri kuliko vyote alivyoweza kumudu, akakiacha kwenye bahasha yake ya karatasi akakisahau. Hakununua vingi vibovu. Alipokuja kuuza kwa mkusanyaji mmoja kutoka nje, alitabasamu mpaka nikaona magego. Mzee alikuwa amempa kanuni moja, na mimi nawapa ninyi: nunua sarafu kwa fedha ambayo ukiisahau miaka kumi tumbo halitakuuma. Fedha ya ada, ya dawa, ya mbegu, hiyo usiilete hapa.

Nilikuwa nikiwaambia wateja kanuni hiyo kila siku. Sikujua kwamba aliyeihitaji kuliko wote alikuwa nyumbani kwetu, anakoroga machalari ya ndizi.

Mnajua mnada wa kanisani. Asiyejua nitamweleza. Kwetu Old Moshi, katika usharika wetu wa Kilutheri, watu hutoa sadaka kwa walicho nacho: mkungu wa ndizi, kuku, mayai, chupa ya maziwa. Ibada ikiisha, mzee wa kanisa anasimama nje na kuvinadi, na fedha zinakwenda kwenye ujenzi. Krismasi moja bibi mmoja jirani yetu, ambaye hakuwa na kuku wala yai, alitia kikapuni hela moja ya shaba ya Mjerumani, maana hela lilikuwa jina la sarafu yao ndogo, nyekundu-nyeusi. Mzee wa kanisa akaiinua juu.

"Hii ni hela ya tangu enzi za babu zetu. Nani ananipa elfu tano?"

Walikuwepo ndugu wawili waliotoka Dar es Salaam, kila mmoja na gari lake, na gari la mdogo lilikuwa jipya zaidi. Mkubwa akasema elfu kumi. Mdogo akasema hamsini.

"Kaka, kama ni nzito niachie."

"Laki moja."

"Laki na nusu, na kaka asiumie."

Mzee wa kanisa alikuwa mtu mwenye kipaji. "Wakwe wako wako pale wanatazama, Baba Glory," akamwambia mkubwa. "Sisemi kitu. Nasema tu wanatazama."

Ikaishia laki tatu na nusu. Mkubwa akalipa, watu wakapiga makofi, akairudisha kikapuni kama desturi ili inadiwe tena, na mdogo akainunua kwa karibu kiasi kilekile. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na kwaya. Dukani tulikuwa tukiiuza hela kama ile kwa bei ya soda chache, na hata hivyo ilikuwa haitoki.

Ningesema siku ileile. Lakini nani amewahi kusimama mbele ya kanisa na kumwambia Baba Glory kwamba amezidishiwa? Nikadhani wote wanajua. Kila mtu pale alikuwa amewahi kulipia yai moja bei ya trei.

Hawakujua. Au walijua kuhusu yai, lakini yai walikuwa wanajua bei yake sokoni. Hela ya Mjerumani hawakuwahi kuiona ikiuzwa mahali pengine popote, kwa hiyo bei ya kwanza waliyoisikia ndiyo ikawa bei. Mpaka mwaka mpya unaingia, mlima mzima ulikuwa unafungua masanduku. Na Baba Kunda, jirani yetu wa kitongoji cha juu, akakuta chini ya kitanda cha marehemu baba yake mkebe umejaa hela hizo za shaba.

Baba Kunda si tapeli, naomba mlielewe hilo. Aliamini kabisa. Alimwendea mama yangu kwa sababu walikuwa wanaheshimiana, akamwambia atamwachia mkebe wote kwa bei ya ng'ombe mmoja, badala ya kuwapelekea watu wa mjini wasiomjua. Aliona anamfadhili.

Niliporudi nyumbani Jumamosi nilimkuta mama anampiga brashi mtamba wetu Tumaini, mwenye mimba ya kwanza.

"Anakwenda wapi?" nikauliza.

"Anauzwa Jumatatu. Kuna mtu wa Mabogini anakuja na gari."

Akanieleza habari za mkebe. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Tumaini ndiye tuliyekuwa tunamsubiri. Ng'ombe mzee alikuwa amekauka maziwa, na maziwa ndiyo yaliyokuwa yanamlipia mdogo wangu ada ya sekondari.

"Mama, hela hizo hazina bei hiyo."

"Nimeona kwa macho yangu. Wewe hukuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Laki tatu na nusu?"

"Ndiyo, lakini..."

"Mara mbili?"

"Mara mbili, mama, lakini ile ni..."

"Sema basi, sikusikii. Miaka yote unakaa na sarafu huko mjini, hata siku moja hukutuambia kuna mali. Baba Kunda ametuambia." Akaendelea kupiga brashi. "Wewe ulikuwa unaona haya kutuambia tutajirike."

Mlivyo na midomo, ninyi mngejibu. Mimi nilikwenda kuhesabu kuku.

Jumatatu asubuhi nilimweleza Mzee Jayanti, nikamwomba aongee na mama kwa simu, maana yeye ni mtu mzima na mwenye duka. Akakataa.

"Nikimwambia mimi hazina thamani, atasema Mhindi anataka kuzinunua kwa bei ya chini. Ningekuwa yeye ningesema hivyohivyo."

Mara mama akaingia. Alikuwa amevaa gauni la ibada na kufunga khanga mpya. Amekuja kabla gari la Mabogini halijafika, ana hela moja ya mkebe kwenye leso, apate bei kwa mwenye duka mwenyewe.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba. Nimekuja kwa Mzee, siyo kwako."

Mzee alikuwa na kioo jichoni na saa wazi mbele yake. "Karibu sana, mama. Mimi mikono imejaa. Hela za shaba hapa bei anasema Aika. Mimi mwenyewe namuuliza yeye."

Mama akanitazama. Akavuta kiti cha wateja, akakaa, akafungua leso.

"Haya, dada," akasema, kwa sauti anayoitumia sokoni Kiborloni kwa watu asiowapenda. "Mnanunua bei gani?"

Nilijaribu kusema. Ningewezaje kumtajia mama yangu bei ya soda mbele ya mtu, naye amevaa gauni la ibada? Nikafanya kitu pekee nilichoweza bila kufungua mdomo. Nikavuta droo ya chini, ile pana, nikaitoa yote, nikaiweka mezani mbele yake.

Mnaijua droo ile. Ina hela za shaba tupu, kila moja kwenye bahasha yake, zimesimama kama kadi, kutoka mwisho huu mpaka mwisho ule. Nikatoa moja, nikaiweka kando ya yake. Nikatoa nyingine. Nikaendelea kutoa. Taji lilelile, majani yaleyale, wekundu uleule.

Mama akainamia droo, akapitisha kidole juu ya bahasha kama mtu anayepima kina cha gunia.

"Hizi zote ni za nani?"

"Za duka."

"Mbona hamziuzi?"

"Tunaziuza."

"Tangu lini?"

"Nilipokuja kazini nilizikuta, mama."

Akaegemea nyuma. Saa za Mzee ziliendelea kugonga, kila moja na wakati wake.

"Mwaka jana mmeuza ngapi?"

"Mbili. Moja aliichukua mzungu kwa sababu ilikuwa na mwaka aliozaliwa babu yake."

"Na ya pili?"

"Tulimpa huyohuyo kama nyongeza."

Nyuma yangu Mzee Jayanti akakohoa kitu kilichofanana na kicheko.

"Sasa ile ya kanisani," mama akasema polepole. Hakuniuliza, alikuwa anajiuliza. "Baba Glory hakununua hela. Alinunua ule mdomo wa mdogo wake." Akaigeuza hela yake mezani. "Mimi mwenyewe mwaka mmoja nilinunua yai la Mama Kunda elfu kumi na tano, kwa sababu alisema kuku wangu hawatagi."

"Uliniambia lilikuwa elfu tatu."

"Ningekuambia ukweli ungenisema."

Ndipo akaanza kucheka. Mama yangu akicheka huwa anajifunika uso kwa khanga na mabega yanatikisika, na hakuna anayeweza kumtazama akabaki kimya. Nilicheka, na Mzee naye mpaka kioo kikamdondoka jichoni. Mafundi cherehani wakaja kuchungulia dirishani.

Kisha akakumbuka gari. Akatoa simu kwenye khanga akampigia mtu wa Mabogini, akisimama mlangoni, na sauti yake haikuhitaji simu.

"Usije. Mtamba hauzwi tena... Sijapata bei nzuri kwingine, ni mimi nimebadilika... Umefika wapi? Kiborloni? Basi hapo kuna ndizi nzuri leo, jaza gari, usirudi mtupu. Waambie nimekutuma mimi watakupunguzia." Akafunga simu, akanigeukia. "Hawatampunguzia, lakini amefurahi."

Mama alimwendea Baba Kunda mwenyewe jioni hiyo, na sijui alimwambia nini. Ninachojua ni kwamba jirani yetu hakukasirika, na kwamba tangu mwaka ule, kila sikukuu ya mavuno, Baba Kunda anatoa hela moja ya shaba kikapuni. Mama ndiye aliyempa wazo hilo. Alimwambia soko la kitu kile ni moja tu duniani, liko nje ya kanisa letu, na mwenye soko ni Mungu. Upande mmoja wa bati la nyumba ya mchungaji umelipwa na mkebe ule. Baba Glory bado anapanda dau. Anajua bei ya dukani sasa, nilimwambia mwenyewe, kwa sauti inayosikika. Akasema, "Dada, acha wakwe wasijue."

Kwa hiyo, Bosco, na wewe Neema: mtu akija na mkebe na ndoto, msimwambie bei kwanza. Bei ikitoka mdomoni mwenu ni maneno yenu, na maneno yenu atabishana nayo mpaka jioni. Toeni droo. Mpeni kiti. Mwacheni aulize mwenyewe.

Tumaini alizaa jike Pasaka ile. Jike lile nalo limezaa, na zizi sasa lina watatu wanaokamuliwa. Mdogo wangu amemaliza shule. Mama magoti hayamruhusu tena kushuka Mabogini kufuata mabua ya mpunga, wala hataki mfanyakazi, kwa sababu kila aliyemjaribu anamkamua ng'ombe kwa haraka. Wiki iliyopita aliniambia, akiwa amenipa mgongo, kwamba ng'ombe hawapendi watu wenye kelele, na kwamba anamfahamu mtu mmoja tu asiye na kelele. Nikamwambia nitaongea na Mzee.

"Ongea," akasema. "Lakini ongea asikie."